Nakala ya "dakika za mwisho" za Challenger: ni ya kweli? Na kwa nini taarifa rasmi ilibadilika?

Mwl_Korogwe

Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa fizikia, kidato cha tatu. Wiki iliyopita kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ilizunguka sauti ya dakika nne hivi. Mwanamume anasoma kwa Kiswahili kile anachokiita "mazungumzo yaliyofichwa" ya wanaanga wa Challenger, kile chombo cha anga cha Marekani kilichovunjika angani Januari 1986 kikiwa na watu saba, eti baada ya chombo kulipuka. Mmoja analia, mwingine anaomba ashikwe mkono, mwisho wanasali Baba Yetu na Zaburi ya 23, kisha kimya.

Kesho yake binti mmoja darasani akaniuliza kama ni kweli. Nikamjibu kama nilivyofundishwa mimi: hapana, walikufa papo hapo, hawakuhisi chochote. Usiku nikaingia mtandaoni kujihakikishia, nikakuta NASA, shirika la anga la Marekani, wenyewe waliandika mwaka 1986 kwamba huenda wanaanga hawakufa pale chombo kilipovunjika. Siku ya tatu leo hilo halinitoki kichwani. Nimempa mtoto jibu la uongo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Naomba msaada. Nakala hiyo ni ya kweli? Kama si ya kweli, mbona maelezo ya serikali yao yalibadilika? Na kama yalibadilika mara moja, nitajuaje kwamba hakuna kingine kilichobaki chini ya mkeka?

Nyota_ya_Kusini

Mwalimu, usihangaike na nakala. Wale watu wako hai mpaka leo. Picha zipo, sura zilezile, wengine hata majina hawakubadilisha. Serikali kubwa ikitaka kukuficha kitu haishindwi.

Mama_Mnukuzi

Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mama mstaafu. Kwa miaka 22 kazi yangu ilikuwa kunukuu kanda: mikutano, mashauri, na mara mbili tume za kuchunguza ajali. Hedifoni masikioni, mguu kwenye kanyagio, unarudisha kanda nyuma maneno matatu, unasikiliza, unarudisha tena. Kwa hiyo nakujibu kama mnukuzi. Roketi nimejifunza baadaye, kwa sababu ya kanda hii hii.

Nakala ya sala niliisoma kwa Kiingereza miaka mingi iliyopita. Niliijua ni ya kutunga kabla sijajua lolote kuhusu NASA. Ndani yake watu wanapokezana vizuri mno. Mmoja anamaliza sentensi, mwingine anaanza, kila neno linasikika hadi herufi ya mwisho. Nimesikiliza kanda za watu walio hatarini. Hawasubiriani zamu. Sauti zinapandana, nusu ya maneno inamezwa na kelele, na mnukuzi anajaza ukurasa kwa "haisikiki, haisikiki".

Sasa isome ile ya kweli, iliyotolewa tarehe 28 Julai 1986. Ni kavu kabisa. Kila msemaji anatambulishwa kwa kifupi cha cheo chake: CDR ni kamanda Dick Scobee, PLT ni rubani Michael Smith, MS 2 ni Judith Resnik. Muda wote wanatajiana namba: urefu, kasi, mgandamizo. Resnik anawakumbusha swichi moja kwa herufi nne tu, "LVLH", kisha anatamka neno ambalo NASA walilifunika kwa mabano na kuandika kwamba ni tusi. (Hapo walinikera. Mnukuzi anaandika kilichosemwa. Wa kufuta ni mwingine, na afute kwa jina lake.) Karibu na dakika ya kwanza Smith anashangilia jinsi injini zinavyosukuma. Anafurahi kama kijana. Sekunde ya 70 Scobee anaitikia amri ya kuongeza nguvu. Sekunde ya 73 Smith anasema "Uh oh". Basi. Chini yake wameandika kwamba data zote zimepotea.

Kinasa sauti kilitumia umeme wa chombo. Chombo kilipokatika vipande, umeme ulikatika na kanda ikasimama. Hakuna kanda ya baada ya hapo, na pasipo kanda hakuna cha kunukuu. Aliyeandika zile sala alikaa mezani akazibuni.

Kuhusu maelezo kubadilika, una haki ya kuuliza, maana yalibadilika kweli. Mwanzoni NASA walisema hakuna dalili kwamba wanaanga walijua lolote. Wakati huo mwisho wa mawasiliano uliokuwa ukijulikana ni yale maneno ya Scobee, kwa sababu ndiyo yaliyofika ardhini kwa redio. "Uh oh" ilikuwa kwenye kanda ya ndani, na kanda ya ndani ilikaa kwenye maji ya chumvi wiki sita. Chumba cha wanaanga kilipatikana mwezi Machi kwenye kina cha kama mita 30, na kanda ikapelekwa kwa wataalamu wa IBM kule Tucson, Arizona, kusafishwa. Wewe fikiria kanda ya kaseti iliyoanguka kwenye ndoo ya maji ya bahari, halafu uambiwe uitoe sauti. Waliitoa.

Siku hiyohiyo ya 28 Julai ikatoka barua ya Joseph Kerwin, daktari ambaye naye aliwahi kuruka angani, kwenda kwa Richard Truly aliyekuwa mkuu wa safari za anga. Mpe binti barua hiyo aisome. Inasema mambo matatu. Kwanza, kilichowaua hakiwezi kuthibitishwa. Pili, nguvu za kuvunjika kwa chombo huenda hazikutosha kuwaua wala kuwajeruhi vibaya. Tatu, inawezekana, ila si hakika, kwamba walipoteza fahamu sekunde chache baadaye kwa sababu chumba kilipoteza shinikizo la hewa.

Na kuna vifuko vya hewa ya kupumulia ya dharura, kila mwanaanga na chake. Vilipatikana vinne, na vitatu kati yake vilikuwa vimewashwa kwa mkono. Kimoja kilikuwa cha Smith, na swichi yake ilikuwa nyuma ya kiti chake, mahali ambapo yeye mwenyewe asingefika. Nyuma yake walikaa Resnik na mwanaanga mwenzake, Ellison Onizuka. Mmoja wao alinyoosha mkono.

Mwalimu, kila nikifika kwenye sentensi hiyo nainuka kidogo kwenye kiti. Mwenye sala za kubuni hakuhitaji kubuni chochote, huo mkono ungemtosha.

Ila vifuko hivyo vilikuwa vya kutoka kwenye moshi chombo kikiwa ardhini, havikuwa na hewa ya shinikizo. Chombo kilivunjika kwenye mita kama 14,600, na chumba kikaendelea kupanda hadi karibu mita 20,000, zaidi ya mara tatu ya Kilimanjaro. Kama chumba kilipasuka, kifuko kisingewazuia kuzimia. Kuanzia kuvunjika hadi kugonga bahari ni dakika 2 na sekunde 45, na kilipiga maji kwa zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Hapo hakuna ambaye angepona.

Nyota_ya_Kusini, ndugu yangu, wale saba walikufa, na makaburi yapo. Scobee na Smith wako Arlington, makaburi ya kitaifa karibu na Washington, Christa McAuliffe yuko Concord, New Hampshire, Ronald McNair yuko kwao Lake City, South Carolina, na Onizuka yuko Honolulu. Mabaki ambayo hayakuweza kutenganishwa yalizikwa pamoja Arlington mwezi Mei 1986. Kufanana sura ni jambo la kila siku. Naomba tusiwafanyie hivyo wazazi na watoto wao.

Nyota_ya_Kusini

Sawa mama, la makaburi sikulijua. Lakini kama hawana la kuficha, si waiachie kanda yenyewe tuisikie kwa masikio yetu?

Mama_Mnukuzi

Gazeti la New York Times lilidai hilo hilo mahakamani, na kesi ilikwenda miaka. Mwaka 1991 jaji akaamua kwamba faragha ya familia ina uzito kuliko haki ya umma kusikia sauti, maana maneno yenyewe yameshatolewa kwa maandishi.

Nitasema ninavyoamini. Katika tume moja niliyofanyia kazi kulikuwa na kanda ya redio ya boti iliyozama. Mjane wa nahodha alikaa nje kwenye benchi siku nzima. Jioni akaniuliza, "Mwanangu, alisema nini mwisho?" Nikamwambia maneno, yalikuwa matano. Akaniuliza kama nataka asikie. Nikamjibu uamuzi ni wake. Akafikiri muda mrefu, akasema maneno yanamtosha, sauti abaki nayo ile ya nyumbani. Kanda ile ingepigwa redioni ningeumia mpaka leo. Kwa hiyo jaji wa Marekani namwelewa. Hata hivyo kanda ikifungiwa, mtu anatunga ya kwake, na huyo hana mjane wa kumjibu.

Mwl_Korogwe

Mama, shikamoo. Nimesoma jibu lako mara mbili kwenye daladala nikapitiliza kituo. Basi niseme hakuna kilichofichwa?

Fundi_Pampu

Mwalimu, niongeze upande wangu. Mimi natengeneza pampu, oringi, yaani pete za mpira za kuziba, ni mkate wangu. Tume ya Rogers, iliyochunguza ajali hiyo, iliandika wazi kwamba chanzo ni kiungio cha roketi ya pembeni, ya upande wa kulia: pete za mpira zilishindwa kuziba, moto ukapenya. Asubuhi ile kulikuwa na nyuzi 2 tu za Selsiasi, na usiku kulikuwa na barafu mnarani. Mpira ukipoa unakuwa mgumu, ukiubana haurudi haraka. Richard Feynman, mwanafizikia aliyekuwa kwenye tume, alilionyesha mbele ya kamera tarehe 11 Februari: kipande cha pete ndani ya kibanio, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu, alipokiachia hakikurudi. Hata hapa kwetu unaweza kumwonyesha mwanafunzi kwa oringi ya shilingi mia tano na barafu ya duka la samaki. Nimewahi kuwafanyia vijana wangu gereji, hawajasahau.

Mama_Mnukuzi

Marahaba, mwalimu. Asante fundi, umenileta nilipotaka kufika.

Umeuliza kama kuna kilichofichwa. Kipo, na hakihusu zile dakika 2 na sekunde 45. Ni nusu saa ya usiku wa kuamkia ajali, na nusu saa hiyo haina kanda.

Tarehe 27 Januari jioni kulikuwa na mkutano wa simu wa pande tatu: watengenezaji wa roketi, Morton Thiokol, wakiwa Utah, kituo cha NASA cha Marshall kule Alabama, na watu wa Kennedy, Florida. Wahandisi wa Thiokol, Roger Boisjoly na Arnie Thompson wakiwa mbele, walisema msirushe chini ya nyuzi 53 za Fahrenheit, yaani kama 12 zetu. Hiyo ndiyo ilikuwa baridi kali kuliko zote walizowahi kurushia, na safari hiyo pete ziliungua hadi grisi ikawa nyeusi. Boisjoly alikuwa na picha. Larry Mulloy wa Marshall akawauliza sasa wanataka arushe lini, Aprili ijayo?

Thiokol wakaomba dakika tano wajadiliane peke yao. Wakakata simu upande wao. Dakika tano zikawa kama thelathini. Ndani ya chumba kile Jerry Mason, mkubwa wao, alimwambia Robert Lund, mkuu wa uhandisi, avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Waliporudi hewani jibu lilikuwa: rusheni.

Hilo tunalijua kwa sababu waliokuwemo walisimulia baadaye wakiwa chini ya kiapo. Hakuna aliyenukuu. Kilichotoka kwenye nusu saa ile ni karatasi ya faksi, imesainiwa na Joe Kilminster, mmoja wa wakubwa wa Thiokol, inayosema Thiokol inapendekeza chombo kirushwe tarehe 28. Allan McDonald, mtu wao mkuu pale Florida ambaye kwa utaratibu ndiye wa kusaini, alikataa. Ukiisoma karatasi peke yake huwezi kujua kwamba kuna wahandisi waliopinga. Imeandikwa kwa utulivu kabisa. Karatasi za namna hiyo nimezipiga chapa mimi mwenyewe, kwa vidole hivi, na nyingine nilijua chumba kizima kilikuwa kinapiga kelele.

Tarehe 10 Februari tume ilikaa faragha, NASA wakaeleza kwamba Thiokol walikuwa na wasiwasi kidogo wa baridi. McDonald alikuwa amekaa nyuma. Akainuka, akasema walikuwa wamependekeza isirushwe. Nafikiri bila yule mzee kuinuka, mengi tunayoyajadili hapa tungekuwa tunayakisia.

Kwa hiyo mtu akikwambia kumbukumbu za Challenger zina tundu, mkubalie, halafu mwonyeshe tundu lilipo.

Mwl_Korogwe

Mama, leo kipindi cha tatu nilimwita yule binti mbele. Nikamwambia nilikosea, sikujua, na barua ya Kerwin inasema nini. Nikamsomea yale matatu, pamoja na "huenda" zake zote. Akauliza, "Nani alimwashia Smith hewa?" Nikasema Resnik au Onizuka, haijulikani ni yupi. Akaandika majina yote mawili kwenye daftari, akaweka alama ya kuuliza katikati.

Jumatatu naleta oringi na barafu. Fundi, niambie ninunue ya saizi gani.

Fundi_Pampu

Chukua ya milimita 50, unene usipungue 5, mpira mweusi wa kawaida. Iache kwenye barafu yenye maji nusu saa, na kibanio kibane tangu mwanzo. Weka nyingine kama hiyo nje kwenye joto la Korogwe, waziachie zote mbili pamoja.