Taka za nyuklia: nawafundishaje wanafunzi bila kuwatisha wala kuwaficha?

mwl_atomi: Walimu wenzangu naombeni msaada. Umeme wa nyuklia naufundisha vizuri tu, atomi ya urani inapasuka, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo. Nikifika kwenye taka nakwama. Mwaka jana mtoto aliniuliza "sasa mwalimu zinatupwa wapi?" nikajibu juujuu, nikaona kabisa hajaridhika na roho iliniuma. Nusu-uhai nayo, yaani muda wa nusu ya atomi zenye mionzi kuoza, nikiiweka kwa fomula wanakariri tu.

chaki_nyeupe: Fomula iache kwanza. Wape sarafu 100 kwenye kopo, watikise wamwage mezani, zilizoangukia kichwa zitoke zilizobaki zirudi koponi, zinabaki kama 50, halafu 25 hivi, wanachora grafu. Kwangu kuna sarafu moja iligoma kutoka mpaka mtikiso wa tisa, watoto wakawa wanaishangilia, hapo ndo nikawaambia atomi ipi itafuata hakuna ajuaye, tunajua mwendo wa kundi zima tu. Kisha upe kila mtikiso nusu-uhai ya kitu chenye mionzi: aidini-131 siku 8, sesiamu-137 miaka 30, plutoniamu-239 miaka 24,000 na ushee. Darasa lilinyamaza kimya.

mama_fizikia: Naongezea, wengi wanadhani taka hizi ni uji wa kijani unaong'aa. Waambie ni vidonge vigumu kama vya kauri, vidogo kama ncha ya kidole, vimepangwa ndani ya mirija ya metali. Na watenganishie kupigwa na mionzi na kuchafuliwa: moto ukiuota ukiondoka basi, ila vumbi linaganda nguoni unaenda nalo hadi nyumbani. Hili wasipolielewa hata ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya 1986 hawataielewa.

mwamba_chini: Swali la yule mtoto lijibu wazi. Mafuta ya nyuklia, yaani vile vidonge, yakitoka kwenye kinu yanakaa miaka kwenye madimbwi ya maji yapoe, na nchi nyingi bado zimeyahifadhi kwa muda tu, usiwafiche hilo. Finland wamechimba ghala la taka hizi liitwalo Onkalo, mita 400 na kitu chini kwenye mwamba, mitungi ya shaba imezungushiwa udongo unaovimba ukipata maji. Halafu wape kazi: chora alama ya hatari atakayoielewa mtu wa miaka 10,000 ijayo asiyejua lugha yetu hata moja. Wangu walibishana kipindi kizima, fuvu likakataliwa kwamba mtu atadhani ni kaburi la mfalme afukue dhahabu.

mwl_atomi: Asanteni sana jamani. Sarafu naanza kukusanya leo, na yule mtoto yuko darasa la juu sasa, nitamwita aje na yeye achore.