Ushauri wadau: Dylan tumpige kama Dylan au kama bendi ya Byrds?

Mkono wa Kushoto: Habari wadau. Nipo Minneapolis, napiga gitaa na wazungu watatu, tuna shoo ya kopi za Bob Dylan na mazoezi ni Alhamisi. Wenzangu wanataka "Mr. Tambourine Man" kama alivyoirekodi mwenyewe, beti zote nne. Mimi nataka ile ya Byrds ya 1965, ubeti mmoja tu, kibwagizo mwanzo na mwisho, haifiki hata dakika tatu. Niwaambieje wanielewe? Usingizi sipati.

Binti Kwaya: Beti zote. Mtu ana Nobel ya fasihi ya 2016 we unamkata maneno? Sisi kwaya tuliruka ubeti wa wimbo wa marehemu mwalimu wetu, mjane wake yupo benchi la mbele anahesabu kwa vidole.

Mzee wa Rumba: Dylan mwenyewe aliwasikia Byrds mazoezini akafurahi kwamba kumbe inachezeka, na ikashika namba moja Marekani na Uingereza. Ila mtu hakosi usingizi kwa ubeti. Sema yote.

Mkono wa Kushoto: Sawa. Intro ya Byrds bila gitaa la nyuzi 12 hainogi, so nimeshanunua Rickenbacker la mtumba. Kwa hela ya mfuko wa bendi, mimi ndo nautunza. Nitarudisha! Na ni faida ya wote, kwenye ile rekodi kati ya wanabendi ni McGuinn peke yake aliyepiga ala, Rickenbacker la nyuzi 12 kama hili, wengine waliopiga ni wanamuziki wa studio wa kukodi, kwahiyo lile gitaa ndo wimbo wenyewe.

Binti Kwaya: McGuinn hajachukua hela ya mwenzie hapo.

Mzee wa Rumba: Bendi yetu Morogoro mweka hazina alinunua spika kimyakimya. Spika nzuri kwelikweli. Bendi ikafa, spika ikabaki sebuleni kwake imetandikwa kitambaa.

Kijiwe Namba 3: Hii chai. Mwezi uliopita ulikuwa Tanga unatafuta injini ya boti. Kama gitaa unalo, jozi za besi ukishusha mkono unagonga kwanza uzi mnene au mwembamba?

Mkono wa Kushoto: Injini ni ya mdogo wangu, alitumia akaunti yangu. Mnene ndo unatangulia. Magitaa mengi ya nyuzi 12 mwembamba ndo wa kwanza, Rickenbacker wamegeuza. Ninalo mapajani saa hizi, sijachomeka umeme, ncha za vidole zinawaka moto.

Kijiwe Namba 3: Haya, gitaa unalo. Alhamisi unatanguliza gitaa au maneno?