Naomba ushauri: wikendi na bwana yangu, Musanze ama Kinigi?

Jambo bandugu na badada, niko Goma, naomba munisaidiye mawazo. Mimi na bwana yangu tunataka kutoka kidogo, ijumaa mpaka siku ya mungu, sisi babili tu, mama mukwe amekubali kubakia na batoto (Mungu amubariki kabisa). Tangu mwaka jana ni kazi na mawazo tu, hatupati hata saa ya kuongea vizuri, na mimi ile inaniumiza sana.

Tunawaza kuvuka Gisenyi, kule Rwanda, tukamate bisi mpaka Musanze, barabara ni lami na ni kama kilometa 60 hivi. Sasa shida njo hii: tulale mu mji yenyewe, ama tupande Kinigi chini ya volkano, ama ngambo ya ziwa Ruhondo? Tunatafuta nyumba ndogo ya wageni yenye inatoa chai ya asubui, kitanda kisafi, maji ya moto ya kweli, na kama kuko moto ya kuni ya kuota mangaribi itakuwa vizuri sana juu kule baridi haichezi. Gorila hapana, ile permi ya kuenda kubaona ni bei kali, hatuiwezi. Kutembea kwa miguu tu na kupumuzika.

Tunaweza lipa dola 50 kwa usiku na chai ndani. Benye mulishaka lala kule, wanaomba avansi mbele? Na mvua ya mwezi wa ine, kutoka Musanze kupanda Kinigi na moto (pikipiki) inawezekana ao tungoje mwezi wa sita?