Kigoma Ujiji ajira zinakufa, halafu tunaambiwa hali nzuri?

Wakuu nimevumilia nimechoka, leo acha niseme. Kila zikisomwa takwimu za ajira tunaambiwa mambo yanaenda vizuri. Vizuri kwa nani? Mimi nipo hapa mwisho wa reli na ninachokiona mtaani hakifanani kabisa na hizo namba.

Wengi hamjui wanahesabuje. Kwa kipimo cha kimataifa ukifanya kazi ya kukuingizia hela hata saa moja tu ndani ya wiki basi wewe una ajira. Saa moja! Na aliyekata tamaa akaacha kutafuta hayumo kwenye hesabu ya wasio na ajira. NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, wana kipimo chao cha taifa kinachomkumbuka kidogo anayebangaiza, hapo nawapa haki yao, ila namba ikija inakuja ya nchi nzima au ya mkoa, na mkoa huu kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 2.4, wengi wako vijijini wanalima. Mwenye shamba Buhigwe ana kazi, sawa, ila sisi wa mjini, Mwanga na Gungu, tusio na hata tuta la mihogo tunafunikwa humo humo.

Njooni mwalo wa Kibirizi alfajiri mitumbwi ya dagaa ikirudi. Vijana wamejaa ufukweni wanagombania kushusha dagaa, anayewahi ndo anapata, wengine wanalipwa kwa dagaa wenyewe halafu wahangaike kuuza, kina mama wanasubiri kuanika kwenye chanja. Sasa mbalamwezi ikiingia taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na hao wote wanalala njaa. Kwa hiyo karani akija wiki ya giza kijana ana ajira, akija wiki ya mbalamwezi hana! Mtu yule yule! Hiyo ndo hali inayoenda vizuri?

Mdogo wangu yupo hapo Kibirizi. Ana diploma ya uhasibu, alijitolea kwenye ofisi moja hapa mjini, asubuhi anafungua yeye, jioni anafunga yeye, hata nauli hawampi, nafasi ilipotoka akaletwa mtu ambaye hatujawahi kumuona. Hakuna aliyemwita hata kumwambia asante. Inaniuma sana hii.

2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ukafungwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti. Sipingi, samaki walikuwa wanaisha kweli na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia nao walifunga. Ila nani alikaa akapanga deiwaka wa mwaloni atakula nini hiyo miezi? Na ule utafiti wa NBS wa nguvu kazi wa 2020/21 ulifanyika kabla ya hayo yote. Meli ya Liemba nayo ilishaacha safari kusubiri matengenezo, wachukuzi waliokuwa wanaitegemea wakatawanyika. 2025 Marekani wakakata misaada, mashirika ya kambi za wakimbizi Kasulu na Kibondo yakapunguza watu, madereva na walinzi wamerudi mjini kutafuta pikipiki za mkataba. Boda zimekuwa nyingi kuliko abiria na tajiri mwenye pikipiki hesabu yake anaitaka kila jioni, upate usipate.

Msiniambie kuhusu mikopo ya halmashauri ya asilimia 10. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024, vijana fungu lao ni asilimia 4, na lazima muwe kikundi. Kikundi cha watu ambao wote hawana kitu, mnarejesha na nini?

Ninachotaka ni manispaa ihesabu watu wake yenyewe, kata kwa kata, wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi, matokeo yabandikwe tuyaone. Na hii reli ya kisasa, SGR, ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, mkataba umesainiwa tangu Desemba 2022, tuambiwe vijana wangapi wa hapa wamechukuliwa na kwa kazi gani. Waheshimiwa madiwani kama mnasoma hapa, hili lipelekeni kwenye baraza lijalo.