Mrejesho: Panzer Dragoon Saga niliyoiulizia ni halisi
Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kutambua iwapo gemu ya Panzer Dragoon Saga, inayochezwa kwenye Sega Saturn (mashine ya michezo ya video) na iliyokuwa ikiuzwa na fundi mmoja hapa Moshi, ni halisi au imedurufiwa. Niligeuza diski zote 4 kwenye mwanga, na kila moja ina ule mkanda mwembamba pembezoni ambao mashine huusoma kabla ya kukubali gemu, jambo ambalo diski iliyodurufiwa nyumbani haina. Kasha limekwaruzika, lakini kwa gemu ya mwaka 1998 iliyotolewa kwa nakala chache nje ya Japani, hilo halikunizuia kuinunua. Aliyenikumbusha kubadilisha betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani ya mashine ili kumbukumbu za mchezo zisifutike, nakushukuru sana; betri hiyo nimeipata Arusha, kwa fundi saa.