Tambi za Kichina na rojo ya nyama: mbona inaungua kabla mafuta hayajapanda?

jiko_la_Milimani (Kisumu)
Habarini wapishi. Napika zhajiangmian ya Beijing kwa watu wanne, zile tambi nene zinazomwagiwa nyama iliyokaangwa kwa rojo ya soya. Nyama ni ya kusaga, jiko ni la makaa. Rojo inashika chini na kuwa chungu kabla mafuta hayajajitenga, tena chumvi imezidi. Tambi nazo, za kukanda nyumbani, zinashikana zikitoka majini. Shida ni moto, nyama au vipimo?

karai_nyeusi (Nakuru)
Moto, na rojo kuingia ikiwa nzito mno. Ina wanga na sukari, kwa hiyo ukiitia kwenye mafuta moto kama ilivyotoka koponi inazama na kuungua. Iyeyushe kwanza. Kwa watu wanne: gramu 100 za huangjiang, ambayo ni ya soya na ina chumvi kali, na gramu 50 za tianmianjiang, ya ngano na tamu. Koroga na maji mililita 150 hadi mabonge yaishe. Ukitumia huangjiang peke yake, chumvi itakushinda.

Nyama ni gramu 300 za tumbo la nguruwe lenye mafuta, lililokatwa kwa kisu vipande vya nusu sentimita. Ya kusaga hupotea ndani ya rojo. Tia mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 4, kaanga kwa moto wa wastani dakika 8 hadi 10 mpaka mafuta ya nyama yatoke na kingo zigeuke hudhurungi. Ongeza tangawizi iliyokatwakatwa kijiko kikubwa kimoja.

Sasa shusha moto hadi chini kabisa ndipo umimine rojo. Dakika 20 hadi 25, mwiko ukikwangua chini muda wote. Hapa hakuna njia ya mkato. Mapovu makubwa yanayopasuka ni maji bado yapo. Yakiwa madogo na mazito, na mafuta mekundu yakajikusanya pembeni ukipitisha mwiko, imeiva. Ikikauka mapema, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Usitie chumvi wala sosi ya soya. Kitunguu majani huingia mwishoni.

Kwa makaa: nyama ikishaiva toa nusu ya makaa, yaliyobaki yafunike jivu. Sufuria nyembamba ya alumini haifai, inaunguza sehemu moja huku kwingine kukiwa bado. Tumia karai nzito.

unga_na_kibao (Kakamega)
Kuhusu tambi. Kwanza soma pakiti: unga uliochanganywa na beking pauda hautakupa tambi, zitavimba na kukatika. Unga wa ngano gramu 400, maji mililita 180, chumvi gramu 4. Donge litakuwa gumu kuliko la chapati, na ndivyo linavyotakiwa. Wengi huongeza maji hapa ili mikono ipumzike, halafu wanalaumu unga. Kanda, funika dakika 30, kanda tena, funika nyingine 30. Sukuma hadi unene wa milimita 3, nyunyizia wanga wa mahindi, kunja, kata upana wa milimita 4 hivi. Unga wa ngano usiunyunyizie, unanyonya unyevu wa donge na kugeuka gundi.

Chemsha katika maji mengi, lita 4 na zaidi. Jambo jingine ni mwinuko: Kisumu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, Nakuru 94, kwa hiyo dakika zilizoandikwa na watu wa Beijing hazitoshi huku. Ongeza moja, kisha kata utambi mmoja uangalie. Kitone cheupe katikati kikiwepo, bado.

Zikitoka, zisuuze kwa maji baridi ili wanga wa juu uondoke. Hapo ndipo kushikana kunapoisha. Maji yawe ya kunywa, yaliyochemshwa yakapoa, si ya mfereji moja kwa moja.

jiko_la_Milimani (Kisumu)
Asanteni sana. Ila kopo langu lina maandishi ya Kikorea na rojo ni nyeusi tii. Na nyumbani nguruwe haliwi.

karai_nyeusi (Nakuru)
Basi hiyo ni chunjang, na chakula chake ni jajangmyeon. Wachina wa Shandong waliipeleka zhajiangmian Incheon, Korea, ikabadilika huko. Weusi wake ni wa karameli, na ikiwa mbichi ni chungu. Uchungu wako huenda ulitoka hapo, si kuungua tu.

Kaanga gramu 70 peke yake katika vijiko vikubwa 4 vya mafuta, moto mdogo, dakika 3, kisha iweke kando. Kaanga nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta gramu 300, vitunguu maji viwili vikubwa na kabeji vikombe viwili, vyote vipande vidogo. Rudisha rojo, sukari kijiko kikubwa kimoja, maji mililita 400. Kabeji ikilainika, fanya iwe nzito kwa vijiko viwili vya wanga wa mahindi uliokorogwa na maji baridi. Zile dakika 25 zisahau, hapa hungoji mafuta yajitenge.

Mafuta ya ng'ombe huganda upesi na kunata mdomoni, kwa hiyo tambi ukishazisuuza zichovye tena kwenye maji moto kabla ya kupakua.

mboga_kwanza (Kisumu)
Juu yake weka tango lililokatwa vijiti na chipukizi za ndengu. Zile chipukizi za Wachina ni ndengu hizi hizi za sokoni. Loweka usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa kitambaa kibichi gizani, suuza asubuhi na jioni, siku 3 hadi 4. Zitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja, usizile mbichi.