Tupeane uzoefu: mliokulia majuu, anime (katuni za Kijapani) ilikukuta zama zipi?

Mgeni wa Ohio
Wakuu salaam. Wapenzi wa anime wa huku Marekani wana ubishi usioisha: nani mkongwe na nani kadandia treni kwa mbele. Kuna wazee wa Astro Boy, ile ya 1963, na wengi wao hata hawakujua kuwa ni katuni ya Kijapani. Kuna wa enzi za klabu, kama Cartoon/Fantasy Organization iliyoanzishwa Los Angeles 1977. Halafu wa katuni ya Robotech 1985, wa Toonami (kile kipindi cha Cartoon Network), na hawa wa kwenye simu.

Mimi ni wa Toonami. Nilifika Ohio na Kiingereza cha kuombea maji, na Dragon Ball Z ndiyo iliyonipatia marafiki. Shujaa wake Goku akipandisha nguvu anapiga kelele weee, dakika nzima, kwa hiyo hapo nilikuwa naelewa sawasawa na wenzangu. Wanafunzi weusi pale shuleni walikuwa na msimamo mmoja: Piccolo wa humo humo ni mweusi mwenzetu. Ana rangi ya kijani, ndiyo, lakini hilo halikuwa na mjadala.

Haya, wewe ulianzia wapi? Wa Ulaya pia njooni.

Kanda Tupu
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nilisoma chuo Pennsylvania miaka ya 90, Otakon ya kwanza, ule mkutano wa wapenzi wa anime, ilifanyika kule kule State College, 1994. Kanda halali ya video dukani ilikaribia dola 30, ndani mna sehemu mbili basi. Mwanafunzi anayeosha vyombo mgahawani ataitoa wapi?

Tuliokolewa na watu wenye kompyuta za Amiga. Walikuwa wanapata kanda kutoka Japani, wanatafsiri, wanapachika maandishi juu ya picha. Unawatumia kwa posta kanda tupu pamoja na bahasha yenye anwani yako na stempu za kurudishia, kisha unasubiri hadi unasahau. Mwenye video mbili ndiye alikuwa tajiri wetu: moja inacheza, nyingine inarekodi. Shida ni kwamba nakala ya nakala ya nakala inachoka. Rangi nyekundu inavuja nje ya mistari, sura zinatetemeka, maandishi ya njano unayasoma kwa kukisia. Na mwanzoni imeandikwa kabisa kuwa haiuzwi wala haikodishwi. Aliyethubutu kuziuza alikuwa hasalimiwi.

Mwana wa Lubumbashi
Jambo kwenu wote. Mie nimekulia Liège, Ubelgiji. Nyie mnatafuta kanda kwa posta, sie tulikuwa tunaletewa na TF1 ya Ufaransa kupitia kebo, bure! Kipindi cha watoto cha Club Dorothée, 1987 mpaka 1997. Jumatano mchana hakuna shule, basi baba hagusi televisheni. Kaka zetu walikuwa wa katuni ya Goldorak ya 1978, sie tukawa wa Chevaliers du Zodiaque.

Ila watu wazima walikasirika. Ségolène Royal, mbunge wakati ule, aliandika kitabu kizima 1989 kulalamikia televisheni ya watoto na katuni hizo. Sauti za Kifaransa nazo zilikuwa vituko vitupu. Ken le Survivant ni hadithi ya kupasua watu vichwa. Waigizaji hawakuipenda, wakajaza utani wao humo humo. Nicky Larson, shujaa wa katuni nyingine, kwa Kijapani anawatamani wanawake awapeleke hotelini, kwa Kifaransa anawaalika mgahawa wa wala mboga. Tuliamini! Mpaka leo ile ya Kijapani ikinipitia naiona imepoa.

Shombe wa Pwani
Utani wa Wafaransa afadhali. Pokémon ya Marekani, Brock, mmoja wa wahusika, kashika onigiri (donge la wali) mkononi, anasema ni donati zenye jeli. Mimi niliyelelewa kwa wali kutwa mara mbili, unidanganye kuwa ule si wali?

Binti Toronto
Shikamooni wazee 😂 Mimi wa 2003, wa kwenye simu. Mnasema tumetafuniwa, na ni kweli. Crunchyroll yenyewe, tovuti ya kutazamia anime, ilianza 2006 na video za kuvusha, ikaja kuwa halali 2009, Naruto Shippuden ikawa inafika saa moja tu baada ya kuonyeshwa Japani. Sasa kosa langu nini?

Nilikwenda Anime North, mkutano wa wapenzi wa anime, nimevaa kama Sakura wa kwenye Naruto. Sivai wigi, mama alinishonea hijabu ya pinki, pembeni kaikunja ikaanguka usoni kama zile nywele zake. Watu walipanga foleni kupiga picha. Akaja baba mmoja ana fulana ya Akira, filamu ya anime ya zamani, akaanza kunihoji kama afisa uhamiaji: umeanza lini, umesoma manga (kitabu cha katuni) yake, mwongozaji nani. Nikamjibu yote. Akaondoka bila hata kusifia hijabu.

Kanda Tupu
Mwanangu, nina fulana hiyo lakini huyo hakuwa mimi, wallahi. Mama yako hoyee.

Niseme tu kwa upande wa wazee. Tulipigania hizi katuni zifike, na tulijuana kwa majina mji mzima, kwa hiyo umati huu unatutia wivu kidogo. Kumhoji mtoto wa watu lakini ni ushamba.

Mgeni wa Ohio
Mzee Kanda, zile kanda bado unazo?

Kanda Tupu
Maboksi kwa maboksi, chini kwenye orofa ya ardhini. Video yangu ndiyo imegoma, inameza utepe. Mwenye video nzima maeneo ya Maryland na Virginia aje PM, kanda naleta mimi.